Pampasi zimekula kuliko nyama: jibu kwa mama wa Kimara

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, naishi Kimara na mume wangu, watoto wetu watatu (wa miaka 9, wa miaka 6 na wa mwisho ana mwaka na nusu) pamoja na mdogo wangu wa kike anayesoma chuo. Mume wangu ni dereva wa kampuni, analipwa mwisho wa mwezi, na kila asubuhi ananiachia shilingi 15,000 ya matumizi. Mimi nauza mitumba, ninachopata ndicho ninachojazia. Mwezi uliopita niliandika kila kitu: chakula na vitu vya usafi vimefika 640,000, na nyama tumekula mara nne tu. Nakutumia orodha yote na bei zake. Mume wangu anasema niachane na duka la Mangi, niwe naenda supamaketi mara moja kwa mwezi. Nilijaribu, hela ikaisha kabla sijafika kwenye mchele. Nipunguze wapi bila watoto kulala njaa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umenirahisishia kazi. Wengi huniandikia "maisha magumu, nisaidie" bila hata bei ya kibiriti, wewe umeandika mpaka limao la mia mbili. Nimeipitia orodha yako mstari kwa mstari, na kilichonishtua kwanza hakipo jikoni kabisa. Unanunua pampasi nne kwa siku, moja moja, kwa 600. Hiyo ni 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi. Nyama mara nne, kilo moja moja kwa 11,000, ni 44,000. Huyo mtoto wako wa mwisho amewashinda watu wote wa nyumba wanaosubiri nyama.

Basi tuanze naye.

Mtoto wa mwaka na nusu hahitaji pampasi mchana kutwa akiwa nyumbani. Wengi katika umri huo wameanza kuonyesha dalili: anakaa mkavu kwa muda wa saa mbili hivi, anajificha nyuma ya kochi akitaka kujisaidia, anavuta nguo ikilowa. Akionyesha hivyo, mnunulie poti, mkalishe baada ya kuamka na baada ya kula, bila kumgombeza. Asipoonyesha, mwache, atafika. Wengine huchelewa mpaka miaka mitatu na hakuna ubaya. Lakini hata asiyejua poti anaweza kuvaa nepi za kitambaa mchana, na pampasi zikabaki mbili: ya usiku na ya safari au ya usingizi wa mchana. Nepi chafu ioshwe uchafu kwanza chooni, ifuliwe, ianikwe juani, na mtoto abadilishwe mara anapolowa, maana kitambaa hakifichi unyevu kama pampasi na ngozi itachubuka ukizembea.

Sasa hesabu. Pakiti ya pampasi 50 umeniandikia uliiona kwa 21,500. Hiyo ni 430 kila moja, siyo 600. Mbili kwa siku kwa bei hiyo ni 25,800 kwa mwezi. Toa kwenye 72,000, zinabaki 46,200. Nepi za kitambaa zinakula sabuni, kwa hiyo weka kipande kimoja cha sabuni ya mche zaidi kila wiki, 4,000 kwa mwezi. Umeokoa 42,200 na hujagusa sahani ya mtu. Kama maji kwenu ni ya kununua kwa dumu, yaingize nayo kwenye hesabu kabla hujashangilia.

Najua utaniuliza, hiyo 21,500 ya kununua pakiti nzima itoke wapi wakati hela inakuja kwa siku? Hilo ndilo swali lenyewe, na ndipo penye shida yako yote. Ukisoma orodha yako utaona karibu kila kitu kimenunuliwa kwa kupima: mafuta ya buku, sukari robo, sabuni ya unga ya mia tatu, mayai mawili, vitunguu vya mia tano. Siyo kwamba hujui kununua. Anayeachiwa 15,000 asubuhi atanunua vitu vya 15,000, hata angekuwa amesomea uhasibu. Mume wako anadhani tatizo ni Mangi. Mangi anafunga vipimo vidogo kwa sababu wateja wake wana hela ndogo kwa wakati mmoja, na kazi ya kukata, kumimina na kufunga lazima alipwe. Anayelipa ni wewe.

Tuchukue mafuta. Unanunua ya 1,000 kila siku, na kwa kipimo ulichonieleza ni kama mililita 140. Kwa lita inakuja zaidi ya 7,100. Dumu la lita 5 umeliona kwa 29,000, yaani 5,800 kwa lita. Kwa mwezi unatumia lita 4 na kidogo, kwa hiyo ungelipa kama 24,400 badala ya 30,000. Akiba ni 5,600. Siyo hela ya kutajirisha mtu, lakini ni nusu kilo ya nyama, na imepatikana bila kubadilisha chakula hata kidogo.

Hapo kuna mtego mmoja, na wengi wanaohamia kwenye madumu wananaswa nao. Mafuta yakiwa mengi mkono unakuwa mzito. Mtu aliyekuwa anakaanga kwa vijiko vitatu anaanza kumimina, na mwisho wa mwezi dumu limeisha tarehe 20 na mmelipa zaidi ya mlivyokuwa mnalipa kwa Mangi. Dawa yake ni kutolipeleka dumu jikoni. Liweke chumbani. Jaza chupa ya lita moja kila Jumapili, na chupa hiyo iende wiki nzima. Hesabu inakubali, ni mililita 140 zilezile kwa siku. Ikiisha Ijumaa, Jumamosi mnakula cha kuchemsha. Fanya hivyo pia kwa sukari na sabuni ya unga. Kitu ambacho huwezi kukitenga hivi, bora uendelee kukinunua kidogo kidogo. Biskuti, kwa mfano. Katoni ya biskuti kwenye nyumba yenye watoto wawili wanaosoma haifiki Jumatano.

Sabuni ya unga: pakiti mbili za gramu 40 kila siku, 600. Kwa kilo ni 7,500. Mfuko wa kilo ni 5,000. Kwa mwezi mnatumia kama kilo mbili na nusu kasoro, kwa hiyo 18,000 inashuka hadi 12,000.

Sukari ni habari nyingine. Robo kila siku kwa 850 ni kilo saba na nusu kwa mwezi, 25,500. Ukinunua kwa kilo, 3,000, unalipa 22,500, akiba ya elfu tatu tu. Ila angalia kiasi chenyewe: kilo saba na nusu kwa watu sita ni zaidi ya gramu 40 kwa kila kichwa kwa siku, na humo nimemhesabu hata mtoto wa pampasi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2015 lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na likasema ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtoto ni pungufu ya hapo. Na nyie mnakunywa juisi za boksi na soda za Jumapili juu yake. Shuka hadi kilo tano kwa mwezi, 15,000. Usishuke kwa siku moja, watakusumbua. Punguza kijiko kwenye birika kila wiki, hakuna atakayegundua isipokuwa mume wako, na yeye ana hiari ya kuongeza chake kikombeni. Nakumbusha tu kwamba mwanzoni mwa 2024, mvua za El Nino zilipovuruga uzalishaji viwandani, sukari iliadimika na kupanda mpaka watu wakajifunza kunywa chai ya mchaichai na tangawizi yenye sukari kidogo. Tuliishi.

Unga. Umenunua sembe kilo 15 kwa 1,600, jumla 24,000. Mahindi uliyoyaona ni 900 kwa kilo, na mashine ya kusaga pale kwenu, pamoja na kupeleka, tuseme 150 kwa kilo. Ukisaga dona unapata karibu kilo ileile uliyopeleka, kwa sababu hutoi pumba. Ukikoboa, sehemu yake unamwachia mwenye mashine. Dona kilo 15 ni 15,750. Akiba 8,250, na unga una kiini na ngozi ya punje, kwa hiyo una lishe zaidi. Kasoro yake ni mbili. Mafuta ya kiini yanafanya dona kuchacha mapema, kwa hiyo saga ya wiki mbili, siyo ya miezi miwili. Na mahindi yenye unyevu au ukungu usiyasage hata ukipewa bure. Sumukuvu haionekani kwa macho, haiishi kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi ya nyumbani kwao. Tafuna punje mbili tatu: iliyokauka inavunjika kwa mlio. Zichambue zenye rangi ya kijani, nyeusi au zilizonyauka, uzitupe, usiwape kuku. Watoto wakilikataa dona, changanya nusu kwa nusu na sembe mwezi wa kwanza.

Mchele sijaugusa sana kwa sababu unanunua kwa kilo na bei yako ni ya kawaida. Ila una bahati ya mahali. Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis ni pua na mdomo kutoka kwenu, na mabasi ya Mbeya yanaingia hapo. Kama una ndugu au rafiki wa kuaminika Kyela au Mbarali, muombe akununulie mara baada ya mavuno, Juni mpaka Agosti, wakati bei imekaa chini, atume kwa basi, wewe ukachukue mzigo mwenyewe. Msichukue gunia peke yenu. Shirikianeni majirani watatu, mgawane kwa mizani, na gharama ya mzigo mgawane vilevile. Usisubiri Januari au Februari, maana hapo bei ya nafaka huwa juu na faida yote inaliwa na usafiri. Mchele wa kukaa muda mrefu ukaushwe vizuri, uwekwe kwenye chombo kinachofunga, la sivyo utakuwa unafuga wadudu.

Kwenye mbogamboga nitakupinga wewe na mume wako kwa pamoja. Mchicha, matembele, bamia na nyanya mbivu kabisa, endelea kununua gengeni kwa siku. Kinachooza hakina bei ya jumla. Nyanya ya elfu moja ikitupwa ni ghali kuliko nyanya yoyote duniani. Vitu vya kwenda kuvifuata Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, ni vile vinavyokaa: vitunguu, viazi mviringo, karoti, nazi, ndizi mbichi, na nyanya zilizoanza tu kugeuka rangi. Nenda na jirani mmoja, nunueni sado mbili (yale makopo ya kupimia), mgawane nyumbani. Vitunguu viache vikauke, vitundike kwenye neti au vitandaze mahali penye hewa, mbali na viazi. Nyanya zipange kwa rangi na utumie zilizoiva kwanza. Moja iliyopasuka ikiachwa katikati inaharibu zote. Msimu wa masika nyanya hupanda kwa sababu mvua zinaharibu shambani na barabarani. Miezi hiyo pika zaidi vya nazi, vya karanga na vya kuchemsha, usilazimishe rosti.

Kabla ya kupanda gari hesabu nauli. Kwenda sokoni peke yako kufuata vitunguu vya elfu tatu ni hasara iliyovaa nguo za akiba. Nafaka na maharage utapata Tandale, unashuka Manzese kwenye mwendokasi, lakini kurudi na mzigo mkubwa kwenye mwendokasi ni adhabu, kwa hiyo weka na hela ya bajaji. Na popote unaponunua kwa uzito, tazama kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo. Ndoo na sado zina ujanja wake: nyingine zimebonyezwa chini, nyingine zinajazwa kilima juu huku chini kuna uwazi. Omba kuimimina mwenyewe kwenye mfuko. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Na beba kikapu chako; tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, mfuko mbadala wa kila safari nao ni hela, na kwenye orodha yako nimeuona zaidi ya mara kumi.

Vitafunwa vya asubuhi vinakula 60,000: maandazi kumi kwa 200, kila siku. Wengi wangekuambia kaanga mwenyewe. Mimi sina haraka hivyo. Kilo ya ngano, sukari, hamira, mafuta ya kukaangia na gesi ya saa nzima, ukijumlisha kwa bei unazonunua wewe, tofauti na andazi la mama wa jirani inabaki ndogo, kwa sababu yeye ananunua mafuta kwa ndoo na anakaangia mtaa mzima. Ukiongeza kwamba unaamka saa kumi na moja, ni kazi isiyo na malipo. Kinachopunguza gharama ni kubadilisha kitafunwa chenyewe. Siku tatu kwa wiki chemsha viazi vitamu, mihogo au magimbi usiku, asubuhi upashe, au pika uji wa dona wenye karanga zilizosagwa. Kwa bei ulizonitumia, kila siku ya namna hiyo inakupunguzia kama 800. Kwa siku 13 za mwezi ni zaidi ya 10,000, na watoto wanaokwenda shule wanashiba mpaka saa nne bila kuomba hela ya sambusa.

Sasa nisikilize vizuri kwenye hili: kuna vitu ambavyo sitaki upunguze, na nimeona umeanza kuvipunguza. Mayai, dagaa, maharage na maziwa. Mwezi uliopita umenunua mayai 14 kwa watu sita, mawili mawili kwa 400 kila moja, huku juisi za boksi zikiwa tisa. Hii nenda kinyume. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unasema wapate chakula kitokanacho na wanyama kila siku. Mtoto wako wa mwisho yumo kwenye umri huo. Trei ya mayai 30 umeiandika 9,500, yaani chini ya 320 kwa yai. Trei mbili kwa mwezi, 19,000, na yai la mtoto lisiguswe na mtu. Kama bado ananyonya, mwache anyonye mpaka miaka miwili na zaidi. Hakuna kitu cha bei nafuu kama hicho katika orodha yoyote.

Dagaa wa Mwanza au Kigoma waliokauka vizuri wanakaa wiki kadhaa, wanapikika kwa nazi, kwa nyanya, wanasagwa kwenye uji wa mtoto. Nunua nusu kilo kwa mpigo, wachambue mchanga, kaanga kavu, weka kwenye kopo. Maharage loweka usiku, umwage maji, chemsha ya siku tatu kwa mara moja, gawa, unge kila siku kivyake: leo nazi, kesho nyanya na karoti. Gesi itakushukuru, maana maharage yasiyolowekwa ndiyo yanayomaliza mtungi. Na nyama haina lazima iwe steki. Maini robo kwa wiki yanawapa watoto madini ya chuma, na firigisi au utumbo ukisafishwa vizuri unaliwa na ugali bila mtu kulalamika. Ukitaka samaki, mwendokasi wa Kimara unakufikisha Kivukoni, hatua chache na soko la Feri, ila nenda asubuhi na mkiwa wawili watatu wa kugawana ndoo ya mnadani. Peke yako utarudi na changu wawili na stori.

Vitu vya usafi vilivyobaki nitavipita haraka. Dawa ya meno: mtoto wa miaka 6 na wa miaka 9 wanatosheka na kiasi cha punje ya njegere, wa mwisho kiasi cha punje ya mchele, ule mstari mrefu juu ya mswaki ni wa kwenye matangazo. Sabuni ya mche nunua mche mzima, ukate, upange vipande kwenye rafu yenye hewa wiki mbili kabla ya kutumia. Ikikauka haiyeyuki ovyo kwenye beseni. Sabuni ya maji ya dumu la lita 5 wanayotengeneza watu mtaani ni nzuri kwa vyombo, sakafu na choo, ila usiifulie nguo za mtoto, na usinunue iliyo nyepesi kama maji ya mchele. Jiki ichanganywe na maji tu. Kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye tindikali, inatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na bafu za kwetu hazina madirisha ya maana. Losheni za bei chee zisizo na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), hasa zile zinazoahidi kung'arisha, ziache huko huko. Dawa ya ngozi iliyoungua itakugharimu kuliko losheni.

Pedi zako na za mdogo wako usizipunguze. Mnaweza kujaribu za kufua, zile zilizoshonwa vizuri, kama mna maji na mahali pa kuzianika juani bila aibu. Vinginevyo nunueni pakiti kubwa badala ya ndogo. Usingoje serikali. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye pedi mwaka wa fedha 2018/19, ikarudishwa mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Sisi tulioshika pochi tulikuwa tumeshaliona hilo.

Kuhusu supamaketi. Siyo ghali kwa kila kitu, ila imepangwa ili uende kununua sukari utoke na nafaka za kifungua kinywa. Iingie kwa vitu vitatu au vinne vilivyoandikwa: tishu za chooni za pakiti kubwa, dawa ya meno ikiwa na punguzo, labda pedi. Soma gramu kwenye pakiti, siyo ukubwa wa pakiti, maana siku hizi boksi linabaki lilelile na kilichomo kinapungua. Na usiende na mtoto.

Tukijumlisha ninayoweza kuyahesabu kwa bei zako: pampasi 42,200, mafuta 5,600, sukari 10,500, sabuni ya unga 6,000, unga 8,250, vitafunwa kama 10,000. Ni zaidi ya 82,000, na zaidi ya nusu yake ni pampasi. Juisi na soda sijazitia; hizo mpatane na watoto.

Pa kuanzia. Usiende kwa mume wako leo kumwomba 200,000 kwa mkupuo. Atakumbuka safari ile ya supamaketi. Anza na pampasi, maana hapo huhitaji mtaji wa mtu. Ukishuka tu kutoka nne hadi mbili, hata kwa bei ileile ya 600, kila siku inabaki 1,200. Weka kwenye kopo. Siku ya 18 una 21,600, unanunua pakiti ya kwanza. Kuanzia hapo pakiti inakaa siku 25, na 1,200 za kila siku zinaendelea kuingia kwenye kopo pamoja na zile 1,200 ambazo hununui tena dukani. Hizo ndizo zitanunua pakiti ya pili na dumu la kwanza la mafuta. Mwezi wa pili unamwonyesha baba watoto daftari: tulikuwa hapa, tumefika hapa. Ndipo umwombe abadilishe mtindo wa kuacha hela, si kiasi. Badala ya 15,000 kila siku, siku ya mshahara akupe 200,000 ya vitu vikavu, kisha aache 8,000 kila asubuhi ya mboga na dharura. Jumla ni 440,000, elfu kumi chini ya anazotoa sasa. Dereva anaelewa hesabu ya mafuta, ataelewa na hii. Nendeni wote wawili kununua mara ya kwanza, abebe yeye gunia. Mwanaume aliyebeba mchele mwenyewe hauulizi umeenda wapi.

Kuna wanawake watakaokushauri uingie kwenye mchezo wa kupeana hela kila wiki ili upate hela ya mkupuo. Kikundi cha majirani wanaonunua vyakula pamoja nakikubali. Mchezo wa hela wakati bado una deni dukani sikushauri.

Maana deni lipo, umeliandika kwa haya pembeni kabisa: 38,000 kwenye daftari la Mangi. Yeye hakutozi riba, lakini mwenye deni hapimi mchele wala haulizi bei ya jana, anachukua anachopewa. Lilipe mara mbili, 19,000 na 19,000, kutoka kwenye akiba ya miezi hii miwili, kabla ya dumu la pili la mafuta. Ukishalimaliza usimkimbie. Chumvi, kibiriti, mshumaa umeme ukikatika, nusu mkate mgeni akiingia ghafla: hivyo vyote viendelee kutoka kwake, kwa taslimu. Muulize pia bei yake ya mfuko wa sukari wa kilo 25 mkigawana majirani watano. Mara nyingi Mangi anauza jumla kwa anayeuliza, na hapo hakuna nauli.